Kizibo cha Sikio la Kushoto

Mlio ulinifuata nyumbani kutoka ukumbini,
mwembamba, kama birika lililosahaulika jikoni kwa jirani.
Niliamka kuzima jiko. Jiko lilikuwa limezimwa.
Nikachomoa friji. Nikafungua dirisha:
Łódź imelala chini ya theluji, tramu ya mwisho imeshapita,
na bado birika linachemka
upande wa kushoto, upande wa matoazi pacha.

Miaka kumi na mitatu napiga ngoma
ghorofa ya tatu ya kiwanda cha zamani cha nguo,
chumba cha kukodi kwa saa, hita moja, zulia lililoungua.
Witold akiongeza gitaa, nami huongeza mkono;
mkono wangu ukipanda, naye hugeuza kitufe.
Ndivyo tulivyojibizana
hadi kuta zikatema chokaa.

Nilianza na karatasi ya chooni. Usicheke.
Karatasi haizuii kitu,
humpa tu mtu moyo wa kupiga zaidi.

Kisha sponji, zile za rangi ya chungwa, jozi kwa zloti moja:
unazisokota, unavuta sikio juu kwa mkono wa pili,
unasubiri ziumuke kama mkate.
Zinazuia, sikatai. Zinazuia hata unachokitaka.
Matoazi yakawa mvua juu ya blanketi,
besi ya Ziemowit ikawa mtu anayesukuma kabati ghorofa ya juu.
Nikapiga maradufu ili nijisikie,
nikavunja vijiti vinne kabla ya mapumziko.

Shemeji yangu Radek, mvunja barabara,
akaniazima vifuniko vyake vya njano.
Mazoezini, sawa.
Jukwaani jasho likajaa ndani kama supu,
na mtu wa safu ya mbele akauliza kwa ishara
kama nimekuja kutengeneza paa.

Ndipo nikaenda kwa Bi Halszka, mpimaji masikio.
Akanimiminia uji baridi wa silikoni:
"Tulia. Usimeze mate."
Dunia ikafungwa kama chupa.
Mle ndani tukabaki watatu: mimi, birika,
na bibi yangu Leokadia.

Mfumaji, zamu ya usiku,
jengo lile lile, huenda ghorofa ile ile, mitambo mia mbili.
Walimpa nusu lita ya maziwa kila siku kwa ajili ya mapafu.
Kwa ajili ya masikio hawakumpa neno.
Wafumaji walisengenyana kwa midomo, bila sauti,
na hata nyumbani hakuacha:
alitutazama midomo, si macho.
Tulidhani ni mapenzi. Ulikuwa uziwi.
Labda vyote viwili.
Siku niliyompigia sufuria kwa mara ya kwanza
alifuata mdundo bila kukosea,
kiganja kimelala juu ya meza.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa.
Langu halijafa, linachemka tu,
na dawa yenyewe, safari hii, ni kusikia pungufu.

"Chujio la desibeli kumi na tano, au ishirini na tano?"
Nilitaka dogo, nisipoteze ladha.
Akauliza ukubwa wa chumba. Nikampimia kwa hatua.
Akauliza saa ngapi kwa wiki. Nikadanganya kidogo.
Akanitazama, akaandika ishirini na tano,
zloti mia saba themanini,
bei ya toazi nililolitamani tangu Pasaka.

Jumanne nimevivaa. Kila kitu kipo, ila kimerudi nyuma hatua chache,
kama watu wenye adabu.
Nimesikia Witold anakosea kodi ya tatu.
Amekuwa akiikosea, nadhani, miaka yote.

Birika halijaondoka. Bi Halszka alisema huenda lisiondoke.

Kabla ya wimbo wa pili Witold alisema jambo,
nami nikajikuta namtazama midomo.
Alikuwa anaomba sponji.
Nikamrushia jozi.